Mche wa Dawa ya Kuku

Baba Winfrida,

Ugali nimeufunika mezani, kisamvu kiko jikoni. Mbuzi wahamishie kivulini.

Asubuhi balozi wa nyumba kumi alipita, akauona ule mche wako nyuma ya nyumba. Nikamjibu ulivyonifundisha, kwamba bangi ya dawa ya kuku inaruhusiwa. Akasema hairuhusiwi kuvuta, kununua wala kupanda hata mche mmoja, na anayefungwa ni mwenye kiwanja. Kiwanja kina jina langu, na ulijua. Kisha akachungulia banda la kuku, akauliza, “Kuku gani?” Nikakosa pa kuficha uso. Walikwisha wote kwa kideri tangu mvua za Elinino.

Mche nimeung'oa, nimeuchoma. ~~Nimerudi kwetu Chiola, usinifuate.~~ Niko Chiola kwa mama, nitarudi Jumapili.

Banda nimelifagia, nimetandika mkeka. Mwenye dawa yake alale humo.

Mama Winfrida