Kazi ya Baba: Topasi

Jumapili, saa kumi na moja jioni, Ruangwa. Joto bado halijapoa, na chakula cha mchana sijakigusa.

Acha niseme ukweli, maana hapa hakuna anayenitazama usoni.

Wiki mbili zilizopita mwalimu wa Historia alitaka tulete habari za ukoo. Kwenye simu ya mama kulikuwa na picha ya cheti cha ubatizo cha Bibi. Mstari mmoja, kwa mwandiko wa padri: Kazi ya baba: topasi. Nikakumbuka neno la Kiingereza, topaz, lile jiwe la thamani. Ruangwa hii kila mtu ana mjomba aliyechimba madini, kwa nini sisi tukose? Mimi ambaye hata kuomba ruhusa ya kutoka nje naona aibu, nikasimama na kusema kwa Kiingereza kwamba baba yake Bibi alikuwa mfanyabiashara wa vito. Wakapiga makofi. Karatasi yangu ikabandikwa ukutani, na tangu hapo wenzangu wananisalimia, "Shikamoo, bosi wa madini."

Nikaipenda ile salamu.

Jana nilikwenda Naipingo kumwona Bibi, nikamwomba anisimulie habari za mawe ya baba yake. Alicheka mpaka akaweka chini ungo wa mbaazi.

"Mawe gani, we mtoto? Topasi ni mtu wa kumwaga ndoo za choo. Baba alikuwa akibeba za Wazungu wa mashamba ya karanga, enzi za ukoloni, pale Nachingwea. Akirudi, mama kamwekea maji nyuma ya nyumba. Haingii ndani hajaoga."

Alisema kama anayesimulia habari za mvua. Mimi nikauliza swali ninalolijutia mpaka sasa: "Bibi, hakufanya kazi nyingine yoyote?"

Akaacha kucheka.

"Unataka nikutafutie baba mwingine?"

Akarudi kwenye mbaazi zake. Nilipoaga, aliitikia bila kuinua kichwa.

Leo nimeshika kalamu tangu mchana. Kwa Kiingereza ningeweza kuipamba ile kazi, nikaiita ofisa wa usafi, na hakuna ambaye angecheka. Hilo ndilo linalonitisha. Nimeshaona njia ya kumficha baba yake Bibi mara ya pili.

Hapana. Kesho nitabandua ile karatasi na kubandika nyingine, yenye neno lile lile la padri na maana yake chini, kwa Kiswahili. Watanicheka, najua, na nitavumilia.

Lakini Jumamosi nikifika Naipingo, kwa Bibi nitaanza na neno gani?