Saa ya Msikiti Haikimbii Tena

Alhamisi, baada ya isha

Haikimbii tena! Wiki nzima nimeilinganisha na saa ya simu, na mpaka leo zinakwenda sawa.

Nilikuwa na hofu, sitaficha. Saa niliyoiunda kwa ajili ya msikiti wetu ilikuwa ikienda mbele kidogo kidogo kila siku, na Ramadhani imekaribia. Watu wangefuturu jua halijazama, kwa sababu yangu.

Nililaumu kristali, kile kipande kinachoipa saa mapigo yake. Nikaibadilisha, wapi! Kumbe tatizo ni zile kapasita mbili pembeni yake. Zilikuwa ndogo mno, kristali ikawa na mzigo mwepesi, ikatetemeka haraka kuliko inavyopaswa. Nimechomea kubwa kidogo, ikatulia.

Leo nimeirudisha. Muadhini wetu, Mzee Shomari, akaikodolea macho.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Isije ikatufuturisha mchana!"

"Haitafanya hivyo, inshallah."

Magharibi ilipofika aliitazama saa yangu tu, akashika kipaza sauti, akaadhini. Mimi nimesimama upande wa wanawake, machozi yananitoka, wala sikujali nani ananiona.