Bibi Ametandika Vitanda Viwili

Jumatatu, 3 Juni

Nimefaulu. Yule mzee niliyepangiwa kwenye mtihani alivaa meno niliyomtengenezea, akapewa karoti, akaiuma, ikakatika. Akasema sasa mke wake atakoma, maana amezoea kula nyama peke yake. Mwalimu wa karakana alicheka mpaka akavua miwani. Miaka miwili ya nta na plasta, ya kusugua meno ya watu nisiowajua, imeisha kwa karoti.

Nilifurahi mpaka nilipofika kwenye ngazi za bweni. Hapo nikakaa. Safari ya kurudi nyumbani ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Jumatano, 5 Juni

Mjomba amepiga. Bibi anaimba tangu asubuhi. Ametandika vitanda viwili, changu na cha mama, kwa kupapasa tu, maana macho yake sasa yanaona mwanga na vivuli basi. Mjomba alijaribu kumzuia, akashindwa. Akaniambia, angalau wewe utajua la kumwambia. Mimi!

Niliandike jambo hili sawasawa, kwa sababu sijawahi kuliandika. Mama alifariki Septemba. Wakati huo Bibi alikuwa amelazwa kwa ajili ya moyo, na daktari alikataza habari yoyote ya kumshtua. Wakamzika mama Bibi akiwa wodini. Bibi alipouliza mbona binti yake haji kumwona, Mjomba akasema la kwanza lililomjia mdomoni: dada amesafiri ghafla, mjukuu wako anaumwa huko masomoni, amekwenda kumuuguza. Alinipigia baada ya kusema, si kabla. Nilikuwa nimekaa sakafuni humu chumbani. Ndege sikupata, mazishi sikuwahi. Akaniomba, Bibi akipiga sema mama yako ametoka. Ni wiki mbili tu, mpaka apate nguvu.

Sasa imetimia miezi tisa.

Jumapili, 9 Juni

Siku ya Bibi. Anapiga saa nne, hakosi.

— Mke mwenzangu, hujambo? Bado unachonga meno ya watu?

— Nimemaliza, Bibi. Nikija nakutengenezea na yako.

— Mimi nitafune nini? Mume wetu kafa zamani, hakuna wa kumng'ata.

Kisha: yuko wapi binti yangu. Nikasema yuko kazini. Jumapili? Nikasema wana kazi nyingi. Akasema, mwambie asihangaike na zawadi, alete miguu yake tu.

Mwanzoni nilikuwa nasema "ametoka". Lakini mtu hawezi kutoka kila wiki. Basi nikampa mama kazi, anashona mapazia kwenye kiwanda kidogo. Nikampa koti la kijivu. Bibi alipotaka kusikia sauti yake, nikampa upasuaji wa koo, kwamba daktari amemkataza kuongea kwa muda. Tangu hapo Bibi hadai sauti. Analiombea koo lile kila usiku.

Leo akauliza, bado analamba uzi kabla ya kuutia kwenye sindano? Nikasema bado, na anafumba jicho moja. Tukacheka wote wawili. Hilo halikuwa uongo. Alikuwa anafumba jicho la kushoto, na ncha ya ulimi inabaki nje mpaka uzi upite.

Kinachonitisha ni kwamba nimeuzoea. Nimeupenda. Robo saa kila Jumapili mama anakuwepo — analalamikia baridi, anaunguza wali kwenye jiko la umeme. Nikikata simu, anakufa upya. Ndege ikitua kule hatakuwa na pa kukaa tena.

Jumanne, 11 Juni

Mwalimu wa karakana ameniita. Msaidizi wake anaondoka, anataka nishike nafasi hiyo mwaka mmoja. Anasema nina mkono mtulivu. Nimjibu keshokutwa.

Mkono mtulivu! Nilipotoka nilishindwa kufunga vifungo vya koti.

Nimemwambia mwenzangu wa chumba. Tunamwita Redio, kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia, na ni yeye pekee hapa anayejua habari za mama. Akasema kaa basi, nani anakimbilia kilio? Akaendelea kupaka kucha rangi. Alipofika mkono wa pili akasema: ila huyo mama yako utamzeesha mpaka lini? Mwakani atakuwa na miaka mingapi?

Hamsini na tatu. Nilikuwa nimeshapiga hesabu.

Jumatano, 12 Juni

Nimekwenda zahanati ya chuo, si kwa kuumwa. Nilimwuliza daktari, nikimwambia mzee mwenye moyo mbovu habari mbaya, atavumilia? Akasema hawezi kujua, hajamwona mgonjwa. Awe ameketi, dawa zake ziwe karibu, asiambiwe na mtu aliye peke yake naye. Nikamwuliza, na asipoambiwa? Akauliza ni nani aliyefariki. Nikasema mama yangu, na sauti ikatoka kama ya mtu mwingine, kwa sababu sijasema hivyo mara nyingi. Karibu kila nikizungumza habari zake, huwa hai.

Mjomba ana wazo jipya. Tuseme amebaki kumalizia matibabu. Baadaye tuseme amezidiwa. Baadaye ndipo tuseme. Kidogo kidogo, anasema, kama kumshusha mtu ngazi. Nikakumbuka yeye amezika dada yake na hajalia hadharani, miezi tisa, ndani ya nyumba moja na mama yao.

Alhamisi, 13 Juni

Nimemwambia mwalimu sitabaki. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kusema nitabaki.

Begi limefungwa. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. "Bibi, mama..." Siendi mbele. Redio amejaribu kuwa Bibi ili nizoee, akaketi kitandani, akafumba macho. Nikafika neno la tatu. Akaanza kulia yeye.

Je, nikimuua? Sina namna nyingine ya kuliandika. Naogopa kumuua Bibi kwa mdomo wangu.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika bafuni, nyumbani. Mlango nimeukomea.

Bibi alikuwa kwenye kiti, sebuleni, amevaa nguo mpya. Nilipiga magoti. Akanishika uso, akasema nimekonda, huko hawali? Akanishika mabega. Halafu mkono wake ukapita juu ya bega langu, ukaendelea nyuma, unapapasa. Hewa tu. Akauliza, mwenzako yuko wapi?

Mjomba akawahi: anashusha mizigo, mama.

Tulikubaliana kwenye gari! Alikubali kwa mdomo wake kwamba tutamwambia leo, sote wawili, yeye akiwa upande wa dawa. Nikamtazama, akatazama chini. Nikasema ngoja nikanawe uso. Sasa ni dakika kumi.

Mjomba anagonga. Ananong'ona kupitia tundu la ufunguo: nisamehe, limenitoka. Sema amekosa ndege. Sema lolote, mwanangu, ila si leo, angalia anavyofurahi.

Nasikia mke wa Mjomba anaingiza begi la mwisho. Anafunga mlango wa mbele.

Sauti ya Bibi, kubwa, ya kufokea watoto: Nani huyo anafunga mlango? Fungua. Kuna mtu bado yuko nje.

Umefunguliwa. Upepo umefika mpaka huku, chini ya mlango wa bafu. Mjomba ameacha kugonga.

Bibi anauliza mbona mmenyamaza.