Medali ya Kumi na Mbili

Jumatatu, 4 Machi
Nimempata! Fundi wa kuchomelea, wa mwisho kati ya wale kumi na wawili walionusurika daraja lilipoporomoka likijengwa. Kila mmoja alipewa medali ya ukumbusho, ya shaba, jina lake limechongwa ukingoni. Kumi na moja ninazo kwenye kisanduku kabatini. Hii nimeitafuta miaka ishirini na sita. Mzee amelazwa wodi namba nne, kitanda cha dirishani.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeishika. Nusura nilie. Kila Jumamosi anaisugua kwa majivu na ndimu, tangu siku aliyopewa — ile rangi ya kahawia ambayo shaba huipata kwa miaka, yote kwisha. Daraja lililochongwa juu yake halionekani tena. Mkusanyaji mwingine asingeitazama mara mbili. Nikamwambia kwa upole kwamba medali haisuguliwi. Akacheka tu. Akasema mwenzake aliyezama daraja lilipoporomoka alipenda vitu ving'ae, basi.
Bado naitaka.

Jumapili, 10 Machi
Nimempelekea magazeti. Tumecheza drafti, kanifunga mara tatu, mgonjwa yule! Mke wangu anasema namzunguka mzee wa watu kama fisi. Nimenuna mchana kutwa. Kinachoniuma ni kwamba hajakosea.

Jumanne, 12 Machi
Kesho anapasuliwa. Kanipa medali nimshikie, maana wodini vitu huota miguu. Akiamka atanidai. Nimeahidi.

Jumatano, 13 Machi
Hakuamka.

Ijumaa, 15 Machi
Binti yake kapiga simu. Baba aliagiza azikwe na medali yake. Wamepekua shuka, mto, mpaka viatu. Sasa wanamshuku mama anayefagia wodi. Mwalimu, wewe hukuiona?
Nikasema sikuiona. Miaka thelathini nimewachapa watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko huo.

Jumamosi, 16 Machi
Nimeiweka kwenye kisanduku, kwenye kishimo chake. Imeenea sawasawa. Kumi na mbili! Nimekaa nikaisubiri furaha, haikuja. Naona aibu. Zile kumi na moja zimetulia na ukahawia wao. Yake inang'aa, ila pembeni imeanza kufifia — leo ni siku yake ya kusuguliwa.
Maziko saa nane. Sasa ni saa sita na nusu. Medali nimeitoa tena kishimoni, majivu nimeyapata. Mke wangu ameshavaa, amesimama mlango wa jikoni, ananiuliza ndimu ya nini.