Nimepanda Mwamba na Figo Lako

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Hujambo wewe, wifi na watoto? Na lori lako, bado mpaka libembelezwe asubuhi ndipo liwake? Mimi ni mzima, na figo ulilonipa linakusalimu. Linachapa kazi kuliko mwenyewe. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize, nawe unalijua hilo.

Jumapili nilikwenda kutembea kando ya ziwa na yule mpima ardhi uliyemkuta kwangu, uliyembandika jina la Mlingoti. Njia ilikuwa tope tupu, tukakata kupitia vichakani, na lo! tukakuta nguzo ya mwamba imesimama peke yake, imezidi kidogo paa la nyumba. Mlingoti akapanda, akashuka, akasema ina pa kushika na pa kukanyaga kama ngazi. Nikamjibu kwamba kwa miguu yake hata ukuta ni ngazi.

Unaukumbuka ule mkanda wa pamba niliojishonea kulikinga figo? Daktari aliucheka, akasema limeshatulia mahali pake, nitembee, nicheze, nibebe ndoo. Wapi! Niliuvaa tangu nitoke hospitali, hata nikiwa cherehanini, joto likiniua.

Basi sijui nini kiliniingia. Nilivua viatu, nikaanza kupanda. Katikati ilinibidi niukumbatie mwamba, na ule mkanda ukawa unanisukuma nje. Nikakwama pale, kaka, sipandi wala sishuki. Mlingoti akaniuliza kama anisaidie kushuka. Nikaufungua mkanda, nikamtupia, nikaendelea. Juu pana nafasi ya mtu mmoja tu. Nilikaa, nikaliona ziwa lote, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Sasa nikwambie nililokuficha. Mlingoti alishataka kunioa, nikamkatalia bila kumpa sababu. Sababu ilikuwa wewe. Niliona mwili huu si wangu hata nimwahidi mtu. Nimeuishi kama mpangaji anayeogopa kupigilia msumari ukutani. Nilimwogopea pia yeye, nisije nikamwachia msiba. Lakini kule juu nilikuwa nahema, magoti yananiuma, na nilikuwa na furaha mpaka basi. Nikajua ulinipa, hukuniazima. Niliposhuka nilimwambia nimekubali. Maskini, alikaa chini palepale kwenye tope na suruali yake safi.

Atakuja kukuona mwisho wa mwezi. Tafadhali usimkazie macho. Urefu wote ule, lakini ni mwoga wa mashemeji.

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Halafu kuna hili. Tangu siku ile wodini ulinipiga marufuku kukushukuru, ati nikithubutu utalidai figo lako. Haya, lidai. Asante, kaka yangu. Asante sana.

Ni mimi mdogo wako,
mkaidi yuleyule.