Makadamia za Kagendo

Alhamisi, jioni

Na ni mimi niliyemwita mvivu. Nilisema mbele ya majirani kwamba mke wa mwanangu alitikisa miti akavuna makadamia changa, ndiyo maana mnunuzi amekataa magunia yote.

"Mama, niliokota zilizoanguka tu," Kagendo akasema.

"Nyamaza! Mdomo wako unafanya kazi kuliko mikono."

Majirani wakacheka, wakaenda zao. Ndipo mnunuzi akapasua moja kwa nyundo. Ndani kulikuwa na doa la kahawia.

"Cucu," akaniita, kama bibi yake, "hii imekomaa. Kuna mdudu kama kunguni, anatoboa ganda likiwa laini, anafyonza. Anajificha kwenye nyasi chini ya miti."

Nyasi hizo! Kagendo aliomba mara tatu azifyeke. Nilikataa, eti mbuzi wangu watakula nini. Sasa karo ya watoto wake imeliwa na wadudu niliowafuga mimi.

Nikachukua panga, nikaanza kufyeka. Kagendo akaja akaniondolea panga mkononi, polepole. "Keti, mama. Utaumia mgongo."

Nilitaka kumwambia anisamehe. Nikamwambia panga ni butu.

Akaenda kulinoa. Majirani bado wanaamini yale niliyosema.