Mama Mdogo, Ulinisifu Mno

Chumba cha nyuma, dukani kwangu
Jumapili, baada ya mvua

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Na Baba Mdogo, bado anabishana na redio? Sisi huku hatujambo, ila mwanangu ana mafua na cherehani nayo inakohoa.

Yule mama aliyekupigia simu juzi kuuliza habari zangu ni mwanasaikolojia. Nilimwendea mwenyewe. Nilikuwa nimemshonea mteja gauni lenye mikono miwili ya kushoto. Mteja alicheka, mimi nikajifungia humu nikalia. Nimechoka kujiita mzembe, Mama, na utu uzima wote huu.

Ni mtu mpole. Alinipa picha za kupanga, akanitajia tarakimu nizirudie kinyumenyume, akanihoji maisha yangu yote bila kukunja uso. Anahisi tangu utotoni akili yangu haitulii kwenye jambo moja. Lakini hawezi kuthibitisha mpaka amsikie aliyenilea, na aliyenilea ni wewe.

Nawe ukanimwagia sifa! Eti nilikuwa mtoto mtulivu, sijawahi kusahau kitu, nyumba nzima ikinitegemea. Aliponieleza nilicheka hadi mbavu zikauma. Mimi huyu, uliyenibatiza Mapepe? Najua ulidhani ananichimba aninyime kazi, ukanikingia kifua kama ulivyonikingia kwa walimu na majirani. Nilipomaliza kucheka, nilikukumbuka sana.

Ila sasa majibu yangu yamekwama. Atakupigia tena Alhamisi. Mwambie nilivyounguza maharage nikiwa nimesimama palepale jikoni. Mwambie ulinituma chumvi nikarudi na paka. Na siku ile niliyotoka shule na kiatu kimoja, ukaenda kukitafuta cha pili bila kunigombeza, hiyo usiiache.

Hakuna atakayekulaumu. Ulinilea vizuri mno. Nataka tu kujua kama ni uzembe au ndivyo nilivyoumbwa, maana mwanangu naye ameanza kupoteza viatu, na sitaki akue akijichukia.

Nisalimie Baba Mdogo, Dada Kinyozi na kitindamimba wenu mwenye maneno mengi. Mola akulinde kama ulivyonilinda mimi.

Umenisitiri miaka yote, Mama. Alhamisi usinisitiri. Mwambie yote, bila huruma, kwa kuwa unanipenda.

Mwanao akupendaye kuliko anavyokumbuka kupiga simu,
Mapepe